Kadi Iliyotangulia Nyumbani

Jumamosi ile, hata kabla supu ya kantini haijachemka, Mi-ok alikuwa ameshajua nani anarudi kisiwani na meno mapya, nani kamnunia mkwewe kwa sababu ya kimchi, achari ya kabichi, na nani kaja bara akisema anakwenda kwa daktari kumbe kaenda kucheza karata. Wala hakuuliza. Ukikaa miaka kumi na tisa mlangoni pa gati la Garampo, ukikagua tiketi za kila anayepanda boti, habari zinakuja zenyewe na kukaa miguuni pako kama paka wa sokoni.

Isitoshe, Mi-ok alikuwa mtoto wa kisiwa cha Daemuk, saa moja na nusu kwa boti kutoka hapo. Watu wa Daemuk walimjua tangu akikimbia ufukweni na kamasi puani. Walimwita binti yetu, walimletea mwani mkavu na maneno, na yeye aliwapigia kelele wanyanyue mizigo yao njiani. Mlango wake haukuwahi kupoa.

Kilichokuwa kikimnyima raha ni barua moja tu. Mwaka uliopita alimpitisha mzee mmoja aliyesahau kitambulisho, kwa kuwa mzee mwenyewe alikuwa mwalimu wake wa darasa la pili. Atamkaguaje mtu aliyemfundisha kuandika jina lake? Siku hiyohiyo wakaguzi wa usalama walikuwa ndani ya boti. Kampuni ikaadhibiwa, na Mi-ok akapewa barua ya onyo: akirudia, kazi hana. Barua hiyo aliikunja mara nne akaichomeka nyuma ya kava la simu. Kila simu ilipoita, aliigusa.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi kuisema. Hakuna kadi, hakuna safari. Kadi halisi, si picha ya kadi. Dirishani wanaiangalia, mlangoni wanaiangalia tena pamoja na uso wa mwenyewe, jina linaingia kwenye orodha ya abiria, na orodha inafika kwa nahodha kabla kamba hazijafunguliwa.

Lakini wanawake wa Daemuk walikuwa na mtindo wao. Wakija bara kwa kundi, kadi zote alikusanya Mama Bun-nam. Alizitia kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa wa biskuti, akautia mfuko kwenye kibeti cha kiunoni, akapanga foleni peke yake kwa niaba ya wote huku wenzake wakinywa supu na kusengenya. Wakifika mlangoni, Bun-nam alizitandaza kama mkono wa karata, Mi-ok akahesabu kadi, akahesabu vichwa. "Saba kwa saba. Piteni, nyie mabibi harusi." Nyuso hakuzilinganisha. Za nini? Alizijua zote, hata zikiwa zimefunikwa na mitandio.

Ndivyo walivyokuja Ijumaa, saba. Na Jumamosi, boti ya saa mbili asubuhi, walirudi watano wakiongozwa na Bun-nam, ambaye mbwa wake alikuwa karibu kuzaa. Mi-ok alihesabu: tano kwa tano. Ndani ya kibeti hakuchungulia.

Saa tano na nusu akaingia Maeng Jeom-rye akivuta kigari chake cha magurudumu mawili. Alikuwa na miaka sabini na minne, mfupi, kiuno kimepinda, na zaidi ya miaka arobaini alikuwa amekaa kwenye banda la pwani akifungua chaza kwa kisu kifupi. Alikuwa shoga wa mama yake Mi-ok, kwa hiyo kwa Mi-ok alikuwa Mamkubwa.

"Mamkubwa! Ulilala sokoni?"

"Nimemsubiri samaki. Muuzaji alisema saa mbili, kaja saa nne. Nikamwambia, wewe, mume wangu anakuja leo, unataka nimpe nini, visingizio?"

Akafunua kigari kidogo Mi-ok aone. Samaki watatu wa njano, wa mezani kweli, macho maangavu. Mapea matatu makubwa. Tofaa, kokwa za chestnati, fungu la majimbi. Mi-ok akakumbuka. Leo ilikuwa siku ya kumbukumbu ya Tak Gi-bong, marehemu mume wa Jeom-rye. Kila mwaka siku hii Jeom-rye anamwandalia meza nyumbani Daemuk, anaacha mlango wazi, na marehemu anakuja kula. Miaka thelathini na moja hajakosa hata mara moja.

"Basi kata tiketi haraka, Mamkubwa. Boti ya saa sita na dakika arobaini ndiyo ya mwisho. Upepo unakuja. Baada ya hiyo, hata Jumatatu sijui."

Jeom-rye akapapasa mfuko wa koti. Akapapasa mwingine. Akavua koti. Akafunua kigari, akatoa majimbi, akatoa mapea, akainua samaki kwa mkia mmojammoja kana kwamba kadi ingeweza kuwa chini ya mapezi. Kisha akasimama, mikono kiunoni.

"Bun-nam," akasema.

Walimpigia simu. Mi-ok aliiweka kwa sauti kubwa, na ukumbi mzima ukasikia mbwa wakilia.

"Mama Bun-nam, una kadi ya nani kwenye kibeti?"

"Kadi gani? Mimi nina watoto sita hapa, na mmoja ana masikio ya yule mbwa wa padre, yule anayejifanya..."

"Kibeti, Mama Bun-nam!"

Zipu. Halafu sauti ndogo: "Yesu wangu. Jeom-rye, ananiangalia. Uso wako huu hapa unaniangalia."

"Umeondoka na mimi," Jeom-rye akasema. "Mimi nimeshafika nyumbani, mwili wangu tu ndio uko huku."

Watu wakacheka. Jeom-rye naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

Bun-nam alituma picha ya kadi, mbele na nyuma, na picha ya watoto wa mbwa ambayo hakuna aliyeiomba. Mi-ok akaipeleka kwa msimamizi, Bwana Seok, kijana wa bara wa miaka thelathini na minane ambaye kiangazi na kipupwe alifunga zipu ya koti mpaka kidevuni. Si mtu mbaya. Aliwahi kumwogelea mbwa aliyetumbukia gatini. Lakini karatasi kwake ilikuwa karatasi.

"Picha hapana, Dada Mi-ok. Unajua."

"Bwana Seok, huyu namjua kabla wewe hujazaliwa."

"Yule mwalimu naye ulimjua." Akashusha sauti. "Kuna ile mashine. Aweke kidole, itoe cheti chenye picha yake. Kile ni halali. Akipata, nitambebea kigari mimi mwenyewe."

Mashine ilikuwa pembeni ya choo, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kuwaokoa wasahaulifu. Unaandika namba yako, unabonyeza kidole gumba kwenye kioo, serikali inakutambua, karatasi inatoka. Ofisi ya mtaa yenye watu wa kuongea nao ilikuwa imefungwa, Jumamosi.

Jeom-rye akabonyeza kidole. Mashine ikajibu kwa sauti ya msichana aliyelelewa vizuri: "Alama haikutambulika. Tafadhali jaribu tena."

Akajaribu tena. Tafadhali jaribu tena.

Mama Cheon, mwenye kantini, akaacha sufuria akaja. "Pulizia kidole, Mama. Cha kwangu mpaka nikipulizie."

Akapulizia. Tafadhali jaribu tena.

"Kisugue kwenye nywele kipate mafuta," akasema Chil-sun, naye mwanamke wa Daemuk, wa saba katika lile kundi, aliyekuwa akisubiri boti hiyohiyo. Akasugua. Mtu akatoa mafuta ya kupaka mikono. Mtu akasema apashe joto kwenye bakuli la supu. Cha kulia, cha kushoto. Msichana wa ndani ya mashine hakuchoka wala hakubadilisha sauti.

"Mama," Mama Cheon akasema, "kwa vidole hivi ungevunja benki, polisi wangebaki wanakuna vichwa."

"Ningekuwa wa kuvunja benki, ningekaa na chaza kwenye baridi ile?"

Mi-ok akaushika mkono wake, akageuza kidole gumba juu. Alikuwa ameushika mkono ule mara nyingi tangu utotoni, hajawahi kuutazama. Kidole kilikuwa laini na cheupe kama ndani ya ganda la chaza. Hakuna mstari hata mmoja. Maganda na maji ya chumvi vilikuwa vimemfuta, siku moja moja, kwa miaka arobaini.

"Hamna kitu hapa," akasema taratibu.

"Kipo kidole," Jeom-rye akajibu.

Saa sita na robo. Bendera za gatini zilianza kupiga kelele kwa upepo. Mi-ok alirudi kwa Bwana Seok, na safari hii hakuongea kwa upole. Alisema kuna watu wanaovuka bahari hii kama wengine wanavyovuka barabara. Alisema mwanamke kazeeka kwa kazi ya bahari, na kazi hiyohiyo imemfuta, halafu leo anaambiwa athibitishe kuwa yupo. Bwana Seok alimsikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye zipu.

"Nikimpitisha yeye, orodha ina jina ambalo hakuna aliyelithibitisha," akasema. "Jina moja likiwa la kudhania, zote ni za kudhania. Sikuitunga mimi sheria. Ila siku boti ikipata shida, mimi ndiye nitakayeulizwa nani alikuwa ndani. Na wewe."

Alipotoka, Mi-ok alimkuta Chil-sun kamvuta Jeom-rye nyuma ya mashine ya kahawa. Chil-sun alikuwa na miaka sabini na mbili, nywele zimetiwa dawa zikajikunja kama za Jeom-rye, koti la zambarau kama la Jeom-rye, yote kutoka duka moja.

"Chukua kadi yangu na tiketi yangu," alikuwa akinong'ona, ingawa kunong'ona kwake kulisikika mpaka kantini. "Mimi nitalala kwa binti yangu, mkwe atanuna, azoee. Wewe na mimi tukisimama pamoja hata mume wangu anakosea."

"Mumeo haoni."

"Ndiyo maana niliolewa! Chukua."

Wakageuka wakamwona Mi-ok. Mi-ok akaigusa simu yake, akaisikia ile barua nyuma ya kava, imevimba kidogo. Kisha akaenda kusimama mlangoni pake, akafungua mnyororo, na watu wakaanza kupita.

Alikuwa ameshaamua. Angeangalia kadi, angeangalia saa, angesema "pita". Kama wakaguzi wapo, wapo. Alimwona Jeom-rye kwenye foleni akivuta kigari, watu watano mbele yake, watatu, mmoja. Ukumbi mzima ulijua. Mama Cheon alisimama na mwiko hewani. Hata Bwana Seok, nyuma ya kioo cha ofisi, alikuwa ameinamia makaratasi kwa namna ya mtu asiyetaka kuinua kichwa.

Jeom-rye akatoa kadi. Mi-ok hakuiangalia. "Pita, Mamkubwa," akasema. "Haraka, upepo."

Jeom-rye hakupita. Aliiangalia ile kadi mkononi mwake kama aliyeokota kitu njiani.

"Ingezama boti hii leo," akasema, "mngemlilia Chil-sun."

"Haizami, Mamkubwa. Twende."

"Na mimi je? Nani angekuja kuniuliza?"

"Mamkubwa, watu wako nyuma."

"Gi-bong alipanda kwa tiketi ya Pal-man," akasema Jeom-rye. Hakupaza sauti, lakini foleni nzima ilimsikia. "Unajua hilo?"

Mi-ok alijua boti ilizama. Kila mtu alijua. Mwaka ule yeye alikuwa na miaka ishirini, kiwandani Busan, akasikia kwa simu kwamba mume wa Mamkubwa kafa majini. Alidhani ndiyo habari yote. Yeye, ambaye hakuna ndoa wala ugomvi wa Daemuk uliompita, hii ilikuwa imempita.

"Pal-man, yule jirani yetu, aliumwa tumbo, akampa tiketi. Siku zile nani aliuliza? Jina kwenye orodha lilikuwa la Pal-man. Ilipozama wakaja kwa mke wa Pal-man na mablanketi, na wali, na watu wa serikali. Akawaambia mume wangu huyu hapa, kalala ndani. Hawakuelewa. Mimi nilikwenda gatini, palikuwa na kamba, wanaingia jamaa wa waliomo kwenye orodha. Yule kijana wa kamba aliniambia, Mama, jina la mumeo halimo, nenda nyumbani, atakuwa salama mahali." Akatabasamu kidogo. "Siku nne nilikuwa mke wa mtu aliye salama mahali."

Mi-ok aliushika mnyororo wa mlango.

"Usinipitishe kwa jina la mtu, binti yangu. Gi-bong alishapita hivyo."

Akatoka kwenye foleni. Akamwendea Chil-sun, akamrudishia kadi na tiketi, akampiga kofi dogo begani. "Nenda kwa kipofu wako. Mwambie Bun-nam akishamaliza kuzalisha, anitunzie uso wangu."

Chil-sun alipanda akilia na kumtukana Bun-nam kwa zamu. Saa sita na dakika arobaini kamba zilifunguliwa. Jeom-rye alisimama kwenye kioo akaitazama boti ikigeuka, mpaka ikawa nyeupe ndogo kati ya mawimbi meupe. Kisha akageukia ukumbi.

"Sasa," akasema, "mume wangu atafika nyumbani akute mlango umefungwa. Nani ana jiko?"

"Ninalo mimi!" Mama Cheon akasema, na mwiko ule hatimaye ukashuka.

Mchana ule kantini haikuuza tambi hata bakuli moja, na haikuwahi kujaa vile. Madereva wa malori waliokwama kwa upepo walimenya chestnati. Mwanamke wa dirisha la tiketi aliosha majimbi. Jeom-rye alikaanga samaki wake mwenyewe, hakumruhusu mtu, akiwaambia mnawageuza kama mnageuza magodoro. Meza mbili ziliunganishwa, zikaelekezwa baharini. Dereva mmoja aliuliza kama marehemu alipenda pombe ya mchele, akaambiwa swali gani hilo.

Palikosekana karatasi. Kwenye meza ya namna ile huwekwa karatasi ya kumwita marehemu, na Mama Cheon alikuwa na karatasi za kufungia samaki tu. Mi-ok akaenda kaunta akarudi na alichokipata: fomu tupu ya abiria.

"Geuza nyuma, andika yale maneno," Mama Cheon akasema. "Huwa hayana jina, ni heshima tu, kwamba wewe mume mtukufu, karibu."

"Nitampata mume mtukufu wa nani?" Jeom-rye akasema. "Usigeuze. Andika mbele. Andika jina."

Kwa hiyo Mi-ok akaijaza kama alivyojaza maelfu. Jina: Tak Gi-bong. Tarehe ya kuzaliwa: Jeom-rye akaitaja bila kufikiri. Jinsia. Anatoka: Garampo. Anakwenda: Daemuk.

"Namba ya simu?" Mi-ok akauliza, kwa mazoea, kisha akaona haya.

"Weka yangu."

"Tarehe ya safari?"

Jeom-rye akaigeukia bahari. Akaitaja ile ya miaka thelathini na moja iliyopita.

Jioni ilikuwa inaingia, milango ya kioo ikitikisika, Bwana Seok alipokuja na funguo kufunga ukumbi. Akaiona meza, wali, kijiko kimesimama ndani ya bakuli, watu ishirini wamesimama wima, na mlango wa kuelekea gatini umefunguliwa nusu, umezuiwa kwa kiti usijifunge. Akaona fomu. Alikuja karibu akaisoma yote, juu mpaka chini, kama alivyosoma kila kitu. Mi-ok akajiandaa kwa maneno.

"Haina sahihi ya aliyeipokea," Bwana Seok akasema.

Akafungua zipu ya koti, kidogo tu, kiasi cha kutoa kalamu. Akasaini pale chini. Akarudisha kalamu, akafunga zipu, akavua viatu, akasimama nyuma ya madereva. Funguo alizishika mkononi zisilie.

Jeom-rye akamimina pombe na kuinama. Upepo ukaingia kwa mlango ulioachwa wazi, ukainua ncha ya fomu, ukaiacha.

Upepo wenyewe ulikaa siku mbili. Jeom-rye alilala kwa Mi-ok, akaikosoa kimchi yake, akasimulia mambo ya watu ambayo Mi-ok hakuyajua, na Mi-ok akagundua kwamba miaka yote ile alikuwa akikusanya makombo. Barua ya onyo aliitoa nyuma ya simu akaiweka kwenye droo. Haikuwa imekwisha nguvu. Aliona tu haifai kukaa pale.

Jumatatu boti ya kwanza ilileta Bun-nam mwenyewe, amebeba ndoo ya chaza na uso wa mtu aliyefiwa, na ile kadi ndani ya mfuko wa biskuti. Walitukanana na kukumbatiana mpaka foleni ikalalamika. Nyuma yao walikuwapo wanawake wengine watatu wa Daemuk wanaorudi nyumbani, na Bun-nam, bila hata kufikiri, akanyoosha mkono kukusanya kadi zao.

"Rudisha," Mi-ok akasema.

"Nini tena? Tano kwa tano, unatujua sote!"

"Nawajua. Mmoja mmoja."

Wakanung'unika. Walisema bara limemharibu, amekuwa kama Bwana Seok, bado zipu tu. Mi-ok aliwaacha waseme. Jeom-rye alikuwa wa kwanza. Mi-ok aliipokea kadi kwa mikono miwili, akaitazama picha, akamtazama mwenye picha, muda mrefu kuliko sheria ilivyotaka.

"Maeng Jeom-rye," akasoma kwa sauti.

"Mimi hapa," akasema Jeom-rye, akavuta kigari chake kitupu, akapita.